Filta Iliyogoma: Funzo Kutoka Nakasero



Wengi wetu tuna watoto walioenda Kampala kutafuta ufundi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi. Lakini kazi ni kujua.

Mwezi huu tulifika Nakasero, kule chini upande wa Kisekka kwenye spea za magari. Tulimkuta kijana wetu mmoja amekaa pembeni, machozi yanamlenga. Alipewa lori lenye filta ya oili iliyogoma. Akaipiga bisibisi ikapita katikati, akazungusha kwa nguvu. Kopo likachanika, oili ikamwagika mpaka mtaroni. Bosi akamfukuza.

Fundi mmoja mzee akamhurumia, akamwelekeza upya. Nasi tukaandika:

1. Washa injini dakika chache, kisha izime. Oili ikiwa vuguvugu mpira wa filta hulegea. Ikiwa moto sana, utaungua.

2. Mwaga kwanza oili ya injini kwenye karai. Acha karai chini ya filta.

3. Futa filta ikauke. Ishike kwa spana ya mnyororo, karibu na kitako chake, maana juu kopo ni jepesi, hubonyea. Zungusha kushoto.

4. Ikilegea, usiitoe mara moja! Acha ichuruzike mpaka itulie. Halafu ivalishe mfuko wa plastiki, umalizie kwa mkono.

5. Angalia kama mpira wa zamani umebaki kwenye injini. Ukifunga mpya juu yake, oili itavuja njiani na injini itakufa.

6. Paka oili kwenye mpira mpya, funga kwa mkono, si kwa spana. Ndiyo maana nyingine hugoma: aliyefunga alikaza mno.

Mbona mtaro unatuhusu? Maji ya pale huingia mfereji wa Nakivubo, nao humwaga Ziwa Victoria, upande ule ule ambako Kampala huteka maji yake ya bomba huko Ggaba. Na sisi huku kambini, dumu lililobeba oili chafu tusilitekee maji kamwe, hata likioshwa kwa sabuni.

Kesho yake kijana aliomba nafasi moja tu. Akatoa filta ya lori jingine. Bosi hakutazama filta, alitazama chini. Pakavu! Akamrudishia ovaroli yake.

Wazazi, wasomeeni vijana ukurasa huu. Mpaka mwezi ujao, tubaki salama.