Nishati na Utalii (4): Upepo, Wageni na Wenye Ardhi

Tangu mtambo wa maji wa Rusumo, Ngara, uanze kutoa megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, mtu wa kijiji cha Kaniha, jirani na Hifadhi ya Burigi-Chato, ana haki ya kuuliza: mitambo ya upepo nayo ikifuata, wageni wa hifadhi hiyo watakimbia? Namna upepo unavyozungusha rafadha tumekwisha kuieleza katika makala zilizotangulia. Leo tuwatazame watu.

Ngong, karibu na Nairobi, ilipata mitambo yake ya kwanza ya upepo mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Leo wapanda milima hulipa kiingilio, wakawapita ng'ombe wanaokula majani chini ya minara, wakasimama kupiga picha. Basi mnara peke yake haufukuzi mgeni. Kinangop, nayo ya Kenya, ni habari nyingine, na historia yake haina budi kukumbukwa. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa kuwapisha walowezi, ukawaachia maili tano tu za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya jando. Kuanzia 1962 mashamba ya walowezi yakakatwa vipande, na familia za Wakikuyu zikavichukua kwa mkopo. Ardhi iliyoporwa, kisha ikalipiwa kwa jasho, haiguswi kwa barua ya ofisini. Mradi wa upepo wa megawati 60 uliopangwa hapo ulikutana na maandamano, na mwaka 2016 ukaachwa.

Wapo wasemao wananchi walitishwa na uvumi wa maradhi. Uvumi ulikuwepo, lakini hustawi pale mwenye shamba anapopata habari baada ya wote. Wengine watataja Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, ambako mitambo 365 ilisimama na inazalisha. Ilisimama, naam, hata hivyo Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi huo zilipatikana isivyo halali. Hoja ya ndege kugongwa na rafadha ndiyo nzito zaidi kwa majirani wa hifadhi: Kipeto, Kajiado, huweka waangalizi wa tai, na mtambo husimamishwa ndege hao wakikaribia. Gharama hiyo ni ya haki.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kukubali au kukataa kuhamishwa kwa ardhi yake isiyofika hekta 250. Ikizidi hapo, mkutano hupendekeza tu na Waziri huamua. Vyovyote iwavyo, fidia ikubaliwe kwanza. Wanakijiji wa Kaniha waisome sheria hiyo mkutanoni kabla mpimaji hajafika.