Shairi la Kiingereza lisikike kabla ya kuchambuliwa

Hapana mada inayoogopwa na wanafunzi wa shule zetu za sekondari katika somo la Kiingereza kama ushairi. Insha wataiandika, hata kama sarufi inachechemea. Riwaya wataisoma, angalau kwa muhtasari unaouzwa madukani. Lakini shairi likitajwa, darasa zima huinamisha vichwa. Walimu nao, wengi wao, hawana raghba nalo. Aghalabu huliahirisha hadi mwaka wa mwisho, kisha hulipitia mbiombio kama mtu anayevuka daraja bovu. Kwa maoni yangu, chanzo cha hofu hii si ugumu wa mashairi yenyewe, bali ni njia tunayoyaendea.

Kazi yangu ya kuwakagua wanafunzi-walimu walio katika mazoezi ya kufundisha imenipeleka katika shule nyingi za Machakos, za mjini na za mashambani. Masomo ya ushairi niliyoyashuhudia huko hufuata mkondo mmoja. Mwalimu huwaagiza wanafunzi wafungue kitabu. Mmoja wao hulisoma shairi kwa sauti ya chini, upesi upesi. Papo hapo msako huanza: tafuteni tashbihi, tafuteni sitiari, tafuteni takriri. Orodha hujaa ubaoni, wanafunzi huinakili, kengele hulia. Katika dakika 40 hizo hapana aliyeuliza ni nani anayesema ndani ya shairi, anamwambia nani, na kwa nini amechagua kusema hivyo. Shairi limehesabiwa mifupa, lakini hakuna aliyeliona likitembea.

Desturi ya kumpa mwanafunzi shairi asilolijua ili alichambue ina historia. Mnamo 1929, mhakiki I. A. Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha kitabu kiitwacho Practical Criticism. Aliwagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akakusanya maoni yao, akagundua kwamba hata vijana waliosoma sana walielewa visivyo. Alichokitaka ni msomaji ayasikilize maneno yenyewe badala ya kutegemea sifa za mtunzi. Mbinu yake ilienea katika vyuo vilivyofuata mtindo wa Uingereza, kisha ikateremka hadi mashuleni. Kwa bahati mbaya, tuliyoirithi ni ganda tu: shairi lisilojulikana limebaki, usikivu umepotea.

Usikivu huo ndio hasa ninaoutetea, na sababu zangu ni za kiisimu. Kiingereza ni lugha ya mkazo. Neno "present" likitiwa mkazo mwanzoni ni zawadi. Likitiwa mwishoni ni kitenzi cha kutoa au kuwasilisha. Mshororo uliotumiwa na Shakespeare katika soneti zake, zilizochapishwa 1609, kwa kawaida una silabi kumi, lakini uti wake wa mgongo ni mapigo matano ya mkazo. Kiswahili, kwa upande wake, huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama "barabara", ambapo mkazo ukihama, njia hugeuka kuwa "sawasawa". Kwa kuwa mkazo wetu hautangitangi, washairi wetu wa jadi hawakuujengea arudhi juu yake. Walihesabu mizani, nane katika ukwapi na nane katika utao, ndipo shairi la kawaida likapata mizani 16 kwa kila mshororo. Kikamba nacho ni lugha ya toni, tena yenye irabu saba zinazotofautishwa pia kwa urefu na ufupi.

Basi mtoto wa Machakos anapolifungua shairi la Kiingereza, masikioni mwake mna mifumo miwili ya sauti isiyofanana na huo wa tatu. Akilisoma kwa kuipa kila silabi uzito sawa, si kwamba amekosa akili. Anazifuata kanuni za lugha alizozipata kwanza. Wajibu wa mwalimu ni kumlinganishia mifumo hiyo mpaka aisikie tofauti. Hilo haliwezekani iwapo shairi linasomwa kwa macho tu.

Isitoshe, mtoto huyu haji darasani mikono mitupu. Anayetega kwa kusema "Kwata ndai" na kuitikiwa "Nakwata" amekwisha kuingia katika mchezo wa kukitaja kitu kwa sura ya kitu kingine, na hiyo ndiyo sitiari. Kejeli ataionaje ngeni, ilhali Wakamba wana myali, nyimbo za kuwasuta wenye mwenendo mbaya? Katika chumba cha pili, mwalimu wa Kiswahili amekwisha kumfundisha nafsineni, toni na mistari mishata. Ajabu ni kwamba mwalimu wa Kiingereza huanza upya, kana kwamba mambo haya yalizaliwa Uingereza jana. Walimu hawa wawili hunywa chai katika chumba kimoja, lakini ni nadra kuwasikia wakishauriana juu ya shairi. Tukikumbuka kwamba katika shule nyingi aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, tutaelewa kwa nini mwanafunzi hathubutu kuyataja anayoyajua.

Huenda msomaji akasema kwamba vita hivyo vilikwisha kupiganwa. Ni kweli kwamba mnamo Oktoba 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati. Mnamo 1974 kukafanyika mkutano mjini Nairobi kuhusu ufundishaji wa fasihi mashuleni. Matunda yake tunayaona: mwanafunzi wa leo anaweza kukutana na Okot p'Bitek au Jared Angira. Lakini waraka ule uligusa zaidi swali la tusome nini. Swali la tusome vipi lilibaki pale pale. Ukiichukua Song of Lawino ya 1966, ambayo Okot aliitoa katika Kiacholi chake, ukaigeuza kuwa orodha ya tamathali, utakuwa umemwondoa mkoloni katika jalada na kumwacha katika mbinu.

Wapo walimu watakaonijibu kwamba nadharia ni tamu, lakini wao wana darasa la wanafunzi 60 na mtihani unaobisha hodi. Sidharau hoja hiyo. Hata hivyo, hebu tuutazame huo mtihani. Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE imekuwa na swali la alama 20 kuhusu shairi au simulizi, na huuliza juu ya msemaji, toni na hisia zake. Karatasi ya kwanza huweza kumpa mtahiniwa shairi fupi na kumwuliza ni maneno gani angeyatilia mkazo, au angeughani vipi mshororo fulani. Atajibu nini yule ambaye katika miaka minne hakulisikia shairi lolote likighaniwa? Hata mwenye kutaka alama tu atapata hasara kwa kupuuza sauti.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, lugha ya Kiingereza na fasihi yake zilifundishwa pamoja, na kila mwanafunzi alikutana na shairi, apende asipende. Katika mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza la Gredi ya 10 ni la 2026, Kiingereza ni lazima, lakini Fasihi ya Kiingereza ni somo la kuchagua. Mwalimu wa Kiingereza cha lazima atashawishika kusema kwamba mashairi ni mzigo wa mwenzake. Na mwanafunzi aliyefundishwa kuyaogopa hatalichagua somo hilo. Hapo ushairi utawatoka vijana wengi pasi na waraka wala mkutano.

Walimu wenzangu, dawa haihitaji fedha. Lisomeni shairi kwa sauti mara mbili, vitabu vikiwa vimefungwa. Ulizeni ni nani anayesema na anamwambia nani. Kisha ondoeni neno moja, wekeni jingine lenye maana ya karibu, na muwaulize wanafunzi kimeharibika nini. Jaribio hilo, ambalo sisi wanaisimu hulitumia kila siku, litawafunza uteuzi wa maneno kuliko orodha yoyote. Waacheni walinganishe na wimbo au kitendawili wanachokijua, hata kwa Kikamba. Majina ya tamathali yaje mwisho, mwanafunzi akiwa amekwisha kuiona kazi yake.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Shairi mlilopewa mlisome kwa sauti, nje, chini ya mti, mpaka ulimi ulizoee. Hapo ndipo mtakapojua mahali linapopumua, na uchambuzi uanzie hapo.