Upweke wa mwanao ng'ambo si deko

Mzazi, mwanao aliye chuoni Marekani akikupigia simu na kulalamika kwamba hapati usingizi, chakula hakimwingii na kichwa kinamwuma kila siku, usidhani anadeka. Huenda ni upweke. Anayejiona mgeni darasani hukaa chonjo kutwa. Moyo humdunda na usiku usingizi humpaa.

Mwulize kama amejiunga na chama cha wanafunzi weusi. Cha kwanza kilichoitwa Black Student Union kilianzishwa mwaka 1966 katika chuo cha San Francisco State, na vyuo vingi vikafuata. Humo atapata wa kula naye, wa kucheka naye na wa kumwelekeza.

Lakini dalili zikizidi wiki mbili, amwone daktari. Akitaja kujiua, asingoje hata siku moja.