86 ya Mashine Gani?

Desemba 7, 2020, siku tatu kabla ya Cyberpunk 2077 kuingia sokoni, wahakiki wa gemu waliruhusiwa kuchapisha walichokiona. Alama zikamiminika: tisa, tisa na nusu, kumi. Kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kuzitafutia wastani, gemu hiyo ilianza ikiwa juu ya 90 kabla ya kutulia kwenye 86. Watu waliokuwa wakiisubiri tangu ilipotangazwa mwaka 2012 wakatoa pesa zao bila kuuliza mara mbili.

Tarehe 10 wenye PS4 wakaiwasha. Nyuso za watu zilikaa sekunde kadhaa kama udongo usiofinyangwa kabla ya kupata macho na ngozi. Magari yalichomoza hewani. Picha ilivuta miguu kila risasi zilipoanza, na kila baada ya muda gemu iliganda, kisha ikakutupa nje kabisa. Toleo hilo la PS4 lilipokuja kuhakikiwa likapata 57. Kabla ya wiki mbili kwisha, Sony ilikwisha iondoa gemu kwenye duka lake la mtandaoni na kuahidi kurudisha pesa za waliolalamika. Ilirejeshwa dukani Juni 21, 2021.

Je, wahakiki walidanganya? Hapana. CD Projekt Red, studio ya Poland iliyoitengeneza, iliwapa nakala ya kompyuta peke yake, tena ikawakataza kuonyesha video walizorekodi wenyewe. Walitakiwa watumie zile zilizoandaliwa na studio. Waliocheza kwenye kompyuta za bei mbaya waliona gemu nzuri yenye kasoro za hapa na pale, wakaandika hivyo. Jina lilikuwa moja, gemu zilikuwa mbili, na kati yao kuna alama 29. Kwetu sisi, ambako PS4 bado ndiyo mashine ya watu wengi na PS3 hazijastaafu, hilo ndilo swali la kwanza kuuliza mtu akikutajia alama: ya mashine gani? Metacritic yenyewe hutenganisha alama kwa kila mashine. Inayopachikwa kwenye matangazo, bila shaka, ni ile iliyopendeza.

Swali la pili ni ya lini. Cyberpunk ya leo si ile ya Desemba 2020. Imepokea apdeti nyingi, na ile ya Septemba 2023 iliifumua na kuifuma upya sehemu kubwa ya gemu, ingawa mwenye PS4 hakuipata. Alama hazikufuata. Metacritic huchukua alama ya kwanza aliyotoa mhakiki na kubaki nayo, hata akirudi baada ya miaka mitatu akaandika mengine. Zamani utaratibu huo ulikuwa na mantiki, kwa sababu kaseti ya Nintendo ikitoka kiwandani haibadiliki tena. Siku hizi diski unayonunua mara nyingi ni nusu ya safari, na nusu nyingine inakusubiri kwenye intaneti ikila bando lako.

Sasa tuingie jikoni, namba inakopikwa. Metacritic ilianza Januari 2001, na haifanyi kazi ya kujumlisha na kugawanya tu. Chombo kimoja kinaweza kupewa uzito kuliko kingine, na uzito wa kila kimoja ni siri ya wenyewe. OpenCritic, iliyokuja mwaka 2015, imechagua njia nyepesi: wastani wa kawaida, kila mhakiki sawa na mwenzake. Kwenye Metacritic gemu yenye 75 kwenda juu inapata rangi ya kijani, 50 hadi 74 ni njano, chini ya hapo nyekundu. Ugumu unakuja pale mhakiki anapotumia kipimo kingine. Nyota nne kati ya tano zinageuka 80, na hapo hakuna ubishi. Lakini wapo wanaotoa herufi, na kwa hesabu za Metacritic B ni 75 na B- ni 67. Mtu ameandika kurasa mbili za sifa, akalalamikia kidogo sura ya mwisho, akatoa B-. Akifika kule amekuwa wa njano, kama vile aliichoka gemu.

Halafu kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki analitelezea bila kujua. Kwenye mtihani wa kidato cha nne Tanzania, 75 ni A, 65 ni B, na 45 tu inakupa C. Mtoto akirudi nyumbani na 72 ya hesabu anachinjiwa kuku. Katika shule nyingi za Marekani A inaanzia 90, C inaanzia 70, na chini ya 60 umefeli. IGN na GameSpot, vyombo viwili vyenye sauti kubwa kwenye uhakiki wa gemu, ni vya Marekani, na wasomaji wao wamekulia kwenye kipimo hicho. Ndiyo maana gemu ikipata 7 kule mashabiki wanaomboleza, nasi huku tunashangaa wanalia nini. Kipimo kimeandikwa kuanzia sifuri, lakini kazi yote inafanyika kati ya 65 na 95. Kutoka 78 kwenda 88 ni safari ndefu. Kutoka 40 kwenda 50 hakuna anayejali.

Si shule peke yake inayozisukuma namba juu. Gemu zinazotoka kwa mwaka ni maelfu, wahakiki ni wachache, na mhariri hampi mwandishi wake saa 40 akahangaike na gemu ambayo hakuna atakayeinunua. Takataka nyingi hazihakikiwi kabisa. Zinazobaki zimeshachujwa, na zilizochujwa kwa kawaida si mbaya.

Wako wanaokataa mtindo huo. Jarida la Edge la Uingereza, lililoanza mwaka 1993, linaichukulia 5 kuwa gemu ya wastani, kwa hiyo 7 yao ni pongezi. Kumi yao ya kwanza waliitoa mwaka 1996, kwa Super Mario 64. Famitsu ya Japani inaweka wahakiki wanne, kila mmoja na kumi zake, jumla 40. Arobaini kamili ya kwanza ilikwenda kwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time mwaka 1998, gemu hiyohiyo iliyokaa kileleni mwa Metacritic na 99. Ukichanganya 7 ya Edge na 7 ya IGN kwenye wastani mmoja, umejumlisha shilingi ya Kenya na ya Tanzania bila kuuliza bei ya kubadilisha fedha.

Wastani una ulaghai mwingine. Chukua wahakiki kumi. Wote wakitoa 8, unapata 80. Watano wakitoa 10 na watano 6, unapata 80 vilevile. Gemu ya kwanza haitamuudhi mtu. Ya pili nusu ya watu wataipenda hadi kufa na nusu wataizima siku ya pili. Mfano upo wazi. Death Stranding ya Hideo Kojima ilitoka kwenye PS4 Novemba 2019. Kazi yako ni kubeba mizigo kwa miguu kuvuka milima na mito, huku ukibonyeza pedi kushoto na kulia ili usidondoke nayo. Famitsu waliipa 40 kamili. IGN waliipa 6.8. Wastani wa Metacritic: 82. Miezi minane baadaye ikaja Ghost of Tsushima, gemu ya samurai anayepambana na Wamongolia waliovamia kisiwa cha Tsushima mwaka 1274, ikapata 83, na wahakiki wengi wakikubaliana: nzuri, inapendeza macho, haina jipya sana.

Kwa namba, gemu hizo mbili ni mapacha. Kwa mchezaji hazina undugu. Ndiyo maana kabla ya kuangalia wastani mimi husoma uhakiki mmoja wa juu kabisa na mmoja wa chini kabisa. Kwa Death Stranding, waliotoa alama ndogo walilalamikia kutembea kwingi na video ndefu za hadithi. Waliotoa kumi walisifia kutembea kulekule. Mlalamikaji mzuri anakufaa kuliko msifiaji mvivu, maana akikueleza hasa kilichomchosha unajua kama na wewe kitakuchosha.

Namba hizi zina watu wanaozikosea usingizi, na sababu ni mshahara. Fallout: New Vegas ilitengenezwa na Obsidian ya California kwa ajili ya mchapishaji Bethesda, ikatoka mwaka 2010. Bonasi ya studio ilifungwa kwenye Metacritic: ikifika 85, pesa inatoka. Ilipata 84. Chris Avellone, mmoja wa wakuu wa Obsidian, alilisema hilo hadharani mwaka 2012. Pointi moja, kwenye wastani ambao uzito wake ni siri! Hata bonasi za wafanyakazi wa Cyberpunk zilikuwa zimetegemea gemu kufika 90. Baada ya balaa la Desemba, wakuu wa kampuni waliamua kulifuta sharti hilo.

Shinikizo linaweza kupita upande wa pili pia. Mwaka 2007 Jeff Gerstmann wa GameSpot aliipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6, wakati ambapo matangazo ya gemu hiyohiyo yalikuwa yameijaa tovuti yake. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2012 alieleza mwenyewe kwamba kelele za upande wa matangazo zilihusika. Bahasha za wazi, kwa maoni yangu, ni nadra kuliko mashabiki wanavyodhani. Kilicho cha kawaida ni utegemezi: mchapishaji ndiye anayetoa nakala ya mapema na ndiye anayepanga saa ya kuruhusu uhakiki uchapishwe, na mhakiki ana wiki moja au mbili za kumaliza gemu ya saa 60. Saa hiyo ya ruhusa ikipangwa usiku wa kuamkia mauzo, jiulize wanaficha nini.

Mara chache, ukimya hauna hila. Hollow Knight: Silksong ya Team Cherry, studio ndogo ya Australia, ilitoka Septemba 4, 2025 bila mhakiki yeyote kupewa nakala ya mapema. Kwa siku kadhaa hapakuwa na namba ya kuaminika, na watu walinunua hadi maduka ya mtandaoni yakazidiwa. Wala namba ndogo haizuii mauzo: Pokémon Scarlet na Violet za Novemba 2022 zilipata 70 na kitu, zikigandaganda kama zimepigwa baridi, na zikauza nakala milioni 10 kwa siku tatu.

Zipo pia alama za wachezaji wenyewe, na hizo zataka kusomwa kwa jicho lingine. The Last of Us Part II ilipotoka Juni 2020, wahakiki waliipa 93. Kwa wachezaji, siku hiyohiyo ya kwanza, maelfu ya sifuri yalikuwa yameiangusha chini ya 4 kati ya 10, kwenye gemu inayochukua zaidi ya saa 20 kuimaliza. Metacritic ikaweka sharti la kusubiri saa 36 kabla ya mchezaji kuandika. Mwezi Mei 2024 kikatokea kisa chenye sura ileile na kiini tofauti. Sony ilitaka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti ya PlayStation. Nchi zaidi ya 170 hazina huduma hiyo rasmi, Kenya na Tanzania zikiwemo, na gemu ikaondolewa sokoni huko. Lawama zaidi ya laki mbili zikamwagika kwa siku chache kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, na Sony ikarudi nyuma. Hakuna mhakiki ambaye angeliona tatizo hilo akiwa amekaa London au Los Angeles.

Na kuna mpira, gemu inayouza mashine nyingi za huku kuliko zote. Miaka hii, karibu kila Septemba, wahakiki huipa FIFA, iliyobadilika jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023, sabini na kitu, na kila mwaka wachezaji huishusha kwa sababu ya Ultimate Team, kule ambako pesa halisi inanunua wachezaji. Mhakiki anaandika aya ndefu juu ya Ultimate Team na juu ya kuwa kocha kwa misimu kumi. Mwenye kibanda cha gemu anataka vitu vingine kabisa: pedi mbili, mechi ya dakika sita, bila intaneti, na vikosi visivyopitwa na usajili. Hicho hakipewi hata sentensi mbili.

Konami walilipuuza hilo Septemba 30, 2021, walipoizika PES, gemu yao ya mpira, na kuleta eFootball 2022 ya bure. Ndani ya siku moja ikawa gemu iliyolaumiwa kuliko zote kwenye Steam, watu wakisambaza picha za nyuso zilizopinda. Nyuso zingevumilika. Kibandani tatizo lilikuwa kwamba waliokaa pamoja mbele ya runinga moja walipewa timu tisa tu za kuchagua, bila Liverpool wala Real Madrid, na mteja anayelipia mechi hawezi kulazimishwa kuwa Juventus mara tatu. PES 2021 ikabaki kwenye mashine.