Njia ya Ng'ambo Inapitia Sirari

Kutoka Tarime mjini hadi mpakani Sirari ni mwendo mfupi wa daladala, na ukishavuka kuingia Isebania, upande wa Kenya, Nairobi iko karibu kuliko Dar es Salaam. Wauza mahindi na wauza ng'ombe wa Mara wanalijua hilo miaka nenda miaka rudi, na wamelijengea biashara. Wachoraji bado. Kijana wa Tarime au wa Mugumu, wilayani Serengeti, mwenye kipaji cha kuchora, ukimuuliza anataka kufika wapi, atakutajia New York, Paris au Tokyo: anataka jina lake liwe kwenye jalada la kitabu cha katuni kinachouzwa ng'ambo, naye akiwa bado anaishi kwao. Hiyo si ndoto ya kuchekwa, kwani wako watu waliochorea wachapishaji wa nchi za mbali bila kuhama makwao. Kinachostahili kuhojiwa ni ushauri anaopewa: weka picha zako mtandaoni, jifunze Kiingereza, kisha ngoja bahati. Hoja ya makala haya ni kwamba wachapishaji wa ng'ambo, mara nyingi, humchukua mtu ambaye kurasa zake zimeshachapwa na kusomwa kwao. Na kwa mkazi wa wilaya za Tarime na Serengeti, huko "kwao" ni kupana kuliko anavyodhani. Kunaanzia kijijini, kunavuka mpaka, na kunafika popote Kiswahili kinaposomwa.

Tuanze na kazi yenyewe. Kitabu cha katuni cha Marekani kwa kawaida hutoka kila mwezi kikiwa na kurasa 20 hadi 22 za hadithi, na kazi hugawanywa: mmoja anaandika, mwingine anachora kwa penseli, wa tatu anapitisha wino, wa nne anatia rangi, wa tano anapanga maneno ndani ya viputo. Mchoraji wa penseli hutarajiwa kumaliza takriban ukurasa mmoja kwa siku. Ufaransa na Ubelgiji zina desturi nyingine: kitabu ni cha jalada gumu, mara nyingi kurasa 46 au 48, na mchoraji aweza kukikalia mwaka mzima. Kote huko, mhariri hanunui picha moja ya kupendeza. Ananunua uwezo wa kusimulia. Chukua ukurasa wa visanduku vitano, mama anavuka Sirari na gunia la mahindi nyuma ya bodaboda. Kisanduku cha kwanza kinaonyesha barabara, foleni ya malori na mama kwa mbali, ili msomaji ajue yuko wapi. Cha pili kinasogea karibu: gunia limechanika kona ya kushoto. Cha tatu ni mkono wa ofisa ukimwashiria asimame. Cha nne ni uso wa mama peke yake, bila neno. Cha tano ni punje za mahindi juu ya lami na tairi la pikipiki likitokomea. Msomaji amejua kuwa safari imeendelea na kitu kimepotea, wala hakuna aliyemweleza. Lakini tundu lililokuwa kushoto likihamia kulia, au khanga ya mama ikibadilika maua kati ya kisanduku kimoja na kingine, hadithi imeharibika. Kuchora shujaa mwenye misuli akiwa amesimama peke yake hakumfundishi mtu hata jambo moja kati ya hayo.

Uwezo huo hukomaa kwa kuchapwa mara kwa mara, na historia inashuhudia. Mwaka 1971, wakuu wa kampuni ya DC ya New York, Carmine Infantino na Joe Orlando, walisafiri hadi Manila kutafuta wachoraji, wakisaidiwa na Tony DeZuniga, Mfilipino aliyekuwa ameshaanza kuwafanyia kazi. Hawakukuta wanagenzi. Walimkuta Nestor Redondo, aliyeanza kumchora Darna, shujaa wa kike wa Ufilipino, tangu 1950, na Alfredo Alcala, aliyesifika kwa kasi ya mkono wake. Majarida ya katuni ya Manila yalikuwa yamewazoesha watu hao kutimiza tarehe kwa miaka mingi kabla mgeni yeyote hajabisha hodi. Uingereza nako, jarida la kila wiki la 2000 AD lilianza 1977, na mmoja wa waliopitia humo ni Dave Gibbons, ambaye baadaye alichora Watchmen, sehemu 12 zilizotolewa na DC kati ya 1986 na 1987, naye akiishi Uingereza. Hakuna kati yao aliyekuwa na intaneti mezani; kurasa zilisafirishwa ndani ya bahasha. Umbali haukuwa kikwazo, maana mhariri alijua tangu mwanzo kwamba anashughulika na mtu anayemaliza kazi.

Ushahidi wa jirani zaidi unatoka Kongo. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, alichora na kuchapwa nyumbani kabla ya kupata nafasi ya kujifunza katika studio ya Hergé, mchoraji wa Tintin, huko Ubelgiji, na kabla ya kushirikiana na mwandishi Mfaransa Frank Giroud katika mfululizo wa Eva K. miaka ya 1990. Mwaka 2014 alitoa Madame Livingstone, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie: kisa cha Vita Kuu ya Kwanza kwenye Ziwa Tanganyika, kinachohusu meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ile ile ambayo Watanzania wanaijua leo kwa jina la Liemba. Pat Masioni naye alianza Kinshasa kwa kuchora vitabu vya dini vya mchapishaji wa Kikatoliki, kazi ambayo mpenda mashujaa wa Marekani angeidharau. Alihamia Ufaransa mwaka 2002, akachora vitabu viwili kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, na miaka michache baadaye akaitwa na DC kuchora matoleo mawili ya Unknown Soldier, hadithi iliyowekwa kaskazini mwa Uganda. Alipoitwa, alikuwa na kurasa za kuonyesha, na zilionyesha Afrika Mashariki na Kati jinsi ilivyo.

Na Watanzania je? Godfrey Mwampembwa, maarufu kama Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akachapwa katika magazeti ya nchini akiwa bado kijana, kisha mwaka 1992 akahamia Nairobi kufanya kazi katika gazeti la Nation. Mwaka 1996 kitabu chake cha katuni, Abunuwasi, kilitolewa kwa Kiswahili na Sasa Sema, mchapishaji wa huko huko Nairobi. Kazi ya nje iliyomjenga ilikuwa katika nchi jirani, na kitabu hicho kilitoka katika lugha aliyokuja nayo. Tena hakuwa anaanza kwenye jangwa. Mhusika Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa gumzo katika gazeti la Uhuru tangu 1967. Juha Kalulu wa Mkenya Edward Gitau alidumu miongo katika Taifa Leo. Na jarida la Sani, lililobeba majina ya waanzilishi wake Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, liliwapa wasomaji akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Shujaaz, katuni ya vijana iliyoanza Kenya mwaka 2010 na kupata tuzo ya kimataifa ya Emmy, iliingia Tanzania mwaka 2015. Soko hili limepanda na kushuka, lakini halikomei mpakani.

Sasa turudi Mara. Kijana wa Mugumu anaishi kando ya hifadhi ya Serengeti, ambayo dunia imeizoea katika filamu za simba na nyumbu, mara nyingi bila binadamu hata mmoja. Yeye anajua mengine: tembo wanaoingia mashamba ya mahindi usiku, litungu lenye nyuzi nane likipigwa kwenye sherehe, wasichana wanaokimbilia nyumba salama msimu wa ukeketaji unapofika, vijiji vya Nyamongo vinavyopakana na mgodi wa dhahabu. Kila moja kati ya mambo hayo lina taasisi inayotaka kuzungumza na wananchi: shirika la uhifadhi, idara ya afya, kanisa, shule, halmashauri. Nyingi huchapa mabango yenye maneno marefu yasiyosomwa na mtu. Hadithi ya kurasa nane kuhusu familia inayolinda shamba dhidi ya tembo ingesomwa mpaka karatasi ichakae. Hapo ndipo kurasa za kwanza za kulipwa zinaweza kupatikana, kama Masioni alivyozipata kwa mapadri.

Wapo watakaosema nyumbani hakulipi. Ni kweli kwamba magazeti mengi hulipa kidogo, na taasisi hupenda kuomba "mchango wa kipaji." Lakini pingamizi hilo linachanganya mapato na mafunzo. Kazi ya nyumbani haihitaji kuwa mshahara wa maisha. Inahitaji kulipa gharama zake na kumwachia mchoraji kurasa zilizomalizika, zenye tarehe na jina lake. Asiyekubali kuchora bure anajifunza pia kupanga bei, kudai malipo ya awali na kuandikiana, mambo ambayo atayahitaji zaidi akiwa na mteja asiyemwona. Wengine watasema vitabu vya kuelimisha huwa vya kuchosha. Vingi ni hivyo kweli, kwa sababu mchoraji aliwaachia watu wa semina waandike mahubiri ndani ya viputo. Anayeweza kuigeuza kampeni kuwa hadithi yenye mtu, tatizo na kicheko, ameshafaulu mtihani mgumu kuliko kunakili Spider-Man.

Pingamizi la pili ni la wanaoamini intaneti: ikiwa picha inafika New York kwa sekunde, nyumbani kunahitajiwa kwa nini? Jibu ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa kijana wa Tarime umefunguliwa pia kwa mamilioni ya wenzake, na mhariri anahitaji njia ya kuwachuja. Idadi ya waliobonyeza alama ya kupenda haimwambii kama mtu huyo atatoa kurasa 20 kwa mwezi. Sifa za mtandaoni zina hatari yake pia, mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mchoraji hurudia picha ile ile iliyopendwa, na kuchora mikono, farasi, ngazi na umati kunabaki pale pale. Intaneti hubeba kazi iliyokwisha kuiva. Kuivisha si kazi yake.

Pingamizi la tatu ni jipya: kompyuta sasa zinachora zenyewe. Tishio lipo, hasa kwa picha moja moja za matangazo. Hata hivyo, Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kuwa picha zilizotengenezwa na programu katika kitabu cha katuni Zarya of the Dawn hazilindwi na hakimiliki. Mchapishaji ambaye mali yake yote ni wahusika na picha zao ana sababu nzuri ya kumtaka binadamu anayeweza kuonyesha michoro yake ya awali. Na hakuna programu iliyokaa kwenye mnada wa ng'ombe wa Tarime ikatazama jinsi wanunuzi wanavyoficha nia zao.

Yaliyobaki ni mambo ya mkataba, na hapa wasanii wengi wamelia. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki zao za Superman kwa dola 130. Mikataba mingi ya Marekani bado humpa mchapishaji umiliki wa kila kilichochorwa, na si kosa kuisaini, mradi mchoraji ajue anachouza na asimtie humo mhusika wake mwenyewe aliyemlea tangu utotoni. Huyo amhifadhi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo kwa kazi hiyo. Malipo nayo yaulizwe kabla ya mstari wa kwanza: yatapitia benki au njia nyingine, kwa sarafu gani, na nani atabeba makato. Tangu 2018 mtu wa Kenya ameweza kuhamisha fedha za PayPal hadi M-Pesa, na hiyo ni sababu nyingine ya kushirikiana na studio za upande wa pili wa mpaka. Saa pia zihesabiwe: mhariri wa New York anapofungua barua pepe saa tatu asubuhi, Tarime ni saa kumi au kumi na moja jioni. Anayetuma ukurasa mchana atajibiwa kabla ya chakula cha usiku, kama umeme haujakatika na bando halijaisha.

Basi mwaka wa kwanza wa kijana huyu usiwe wa kuandikia makampuni makubwa. Uwe wa hadithi tano fupi zilizomalizika: moja ya shirika la wilayani, moja ya gazeti au jarida la Kiswahili, moja aliyochora na mwandishi wa Migori au Nairobi, nchini Kenya, mbili zake mwenyewe. Hadithi moja kati ya hizo itafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa kuwa kubadilisha maneno ya viputo ni kazi ndogo kuliko kuchora upya. Mwaka wa pili ndio wa kubisha hodi ng'ambo. Atakayebisha akiwa na kurasa 40 zilizosomwa Tarime, Migori na Mwanza atakuwa ameshajibu swali ambalo kila mhariri humwuliza mchoraji asiyemjua: huyu akianza kazi, huimaliza?