Je, Wajua? Upepo Huohuo Unaorusha Ndio Unaozuia Kuruka

Je, wajua kwamba mtu anaweza kukaa angani kwa saa nyingi bila injini? Mwewe wa milimani hutuonyesha kila siku: hutandaza mabawa, hayapigi, na hewa iliyopashwa joto na jua humpandisha taratibu.

Huko Iten, Kenya, mji ulio ukingoni mwa Bonde la Kerio, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, warukaji hufanya vivyo hivyo. Hujifunga kwenye bawa la kitambaa, wakakimbia hadi ukingoni na kuiacha ardhi.

Lakini bawa hilo husafiri kwa takriban kilomita 35 hadi 40 tu kwa saa. Upepo wa mbele ukifikia kasi hiyo, mrukaji hasogei tena. Ukizidi, humrudisha nyuma ya ukingo, na huko ndiko kwenye hatari: hewa huviringika kama maji chini ya maporomoko, ikalikunja bawa ghafla. Ustadi wa miaka mingi hauishindi hesabu hiyo.

Kwa hiyo ukimwona mrukaji ameketi juu ya mfuko wake, akitazama nyasi zinavyolazwa na upepo, usimwite mwoga.