Makamasi ya kijani si lazima mtoto apewe antibaotiki

SIKU ya tatu au ya nne ya mafua, makamasi ya mtoto huacha kuwa majimaji, yakawa mazito, ya njano, kisha ya kijani. Hapo ndipo wazazi wengi hukimbilia duka la dawa kuomba amoksilini, wakiamini rangi hiyo ni ya bakteria.

Kumbe inatoka kwa askari wa mwili wenyewe.

Chembe nyeupe za damu si za aina moja, na kila aina hubeba silaha zake. Nyutrofili, ambazo huwahi kufika penye maambukizi, zimejaa kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidasi. Kina madini ya chuma, na chenyewe ni cha kijani kweli. Mwaka 1941 mtafiti Kjell Agner wa Sweden alikiita verdoperoksidasi, kwa sababu ya rangi hiyo. Kazi yake ni kutumia chumvichumvi ya mwilini kutengeneza kemikali ya kuulia vijidudu, ndugu wa ile iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Naam, mwili una jiki yake.

Monositi zinacho kidogo. Limfositi, ambazo baadhi yake hutengeneza kingamwili, hazina. Tofauti hiyo huwasaidia hata wataalamu wa maabara: mgonjwa akiwa na saratani ya damu, hupima kimeng'enya hiki kwenye seli changa ili kujua ugonjwa umeanzia ukoo gani, maana matibabu hayafanani.

Nyutrofili zikifa kwa wingi puani, rangi yake hubaki kwenye makamasi. Nazo huitwa hata na mafua ya virusi, ambayo antibaotiki haiyagusi. Dozi hiyo ya bure inaweza kumharisha mtoto na kuwazoesha bakteria dawa, hadi siku nimonia ya kweli ikija, dawa ishindwe.

Mtoto anyonye au anywe vya kutosha, na pua izibuliwe kwa matone ya maji ya chumvi yanayouzwa maduka ya dawa. Asali asipewe aliye chini ya mwaka mmoja.

La kutazama ni pumzi kuliko rangi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu kwa dakika nzima: pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya. Mafua yakipita siku 10 bila nafuu, au homa ikirudi baada ya kupona, amwone daktari. Kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa au anayehema kwa shida asisubirishwe nyumbani.